Tope la Matombo

Nilianza kazi ya kusafisha maji mwaka 1979, katika mtambo mmoja kando ya mto Ruvu, nikaiacha mwaka 2014 nilipostaafu. Katika miaka hiyo 35 nimeyaona maji ya mto ule kwa kila rangi. Mwezi wa Septemba huwa kama chai ya rangi iliyopoa, unaona kidole chako ndani ya bilauri. Mwezi wa Aprili, siku moja au mbili baada ya mvua kubwa kunyesha milimani, huja kama uji wa ulezi. Watu wa Dar es Salaam hawayaoni hayo. Wao hufungua bomba tu, na maji yakitoka yana rangi kidogo hutulaumu, nasi hatuna la kujibu kwani ni haki yao.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kupigana na tope. Asubuhi tulipanga bilauri sita mezani, tukazijaza maji ya mto, kisha tukatia shabu kwa vipimo tofauti, ya kwanza kidogo na ya sita nyingi. Shabu yenyewe, ndugu msomaji, ni jamaa ya ile ambayo vinyozi wetu wa zamani walimpaka mtu kidevuni baada ya kumnyoa. Tulikoroga, tukangoja. Chembe za udongo ambazo zingeelea siku nzima hushikana, zikawa vibonge kama vya maziwa yaliyokatika, zikazama. Bilauri iliyotakata vizuri ndiyo iliyotuambia mtambo mzima utiwe shabu kiasi gani siku ile. Wakati wa kiangazi kiasi kilikuwa kidogo. Wakati wa masika magunia yalikwisha upesi mno, na shabu ikizidi maji huchachuka, mpaka uyatulize kwa chokaa. Machujio ya mchanga nayo huziba, yakaoshwa kwa maji yale yale tuliyokwisha kuyasafisha kwa jasho. Tena kijidudu kilichojificha ndani ya tope si rahisi klorini ikifikie. Kwa hiyo tope si jambo la rangi tu, kama wengi wanavyodhani.

Katika zamu za usiku nilikuwa na tabia moja ambayo wenzangu waliicheka. Nilichota kidogo tope lililotua chini ya bilauri, nikalisugua kati ya vidole. Lilikuwa jekundu, laini. Nikasema moyoni: hili ni shamba la bibi. Bila shaka nilikuwa najidanganya, maana Ruvu inakusanya maji ya Mgeta upande wa magharibi, ya Ngerengere inayopita Morogoro mjini, na ya vijito visivyohesabika vya mashariki ya Uluguru. Lakini upande huo wa mashariki ndiko Matombo iliko, nami ni mtoto wa huko. Nilizaliwa mwaka 1954. Mwaka uliofuata, kwa ajili ya udongo ule ule nilioupima kwenye bilauri, mtu alipigwa risasi akafa.

Habari hii nilisimuliwa na babu mzaa mama, kwa vipande vipande, na baadaye nikaisoma vitabuni. Babu alikuwa na namna yake. Ukimwamkia "Shikamoo, babu," aliitikia "Marahaba," kisha akanyamaza muda mrefu kana kwamba salamu imemchosha. Lakini ukitaja neno "matuta" alisimama.

Milima ya Uluguru inapanda ghafla kutoka uwanda wa Morogoro hadi zaidi ya mita 2,600, na mawingu ya kutoka Bahari ya Hindi hugonga hapo yakamwaga mvua. Wajerumani walilitambua hilo mapema. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, na mwaka 1909 walitenga misitu ya juu iwe hifadhi. Waingereza walipoichukua nchi waliendelea na mpaka huo. Msitu wa juu ulibaki, angalau sehemu kubwa yake. Chini ya mpaka, watu waliongezeka, mapumziko ya mashamba yakafupika, na kila mwaka mwezi wa Oktoba mioto ilionekana usiku mlima mzima, watu wakichoma nyasi na mabua ili wapande. Mvua za kwanza zikaja juu ya ardhi iliyo uchi, yenye majivu. Hapo ndipo tope linapozaliwa. Tone la mvua likianguka juu ya jani linavunjika nguvu. Likianguka juu ya udongo mtupu linaupasua, chembe zinaziba vitundu, maji yanakosa pa kuingilia, yanateremka.

Maofisa wa serikali ya kikoloni waliyaona hayo, nami siwezi kusema walikosea macho. Walikosea dawa. Kati ya mwaka 1950 na 1955 walileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na nguzo yake ilikuwa matuta ya ngazi: kuuchimba mteremko mpaka uwe kama vidato vya ngazi, kila kidato bapa, ili maji yatulie. Kuchoma moto kukapigwa marufuku. Kuchimba kukawa amri. Amri ilipitia kwa wandewa, yaani wakuu wa wenyeji, ambao sasa waligeuzwa kuwa manyapara kwa ndugu zao wenyewe. Asiyechimba alipelekwa barazani akatozwa faini.

Babu alichimba misimu miwili. Aliniambia hivi: "Tulichukua udongo mweusi tukaufukia, tukautoa mwekundu juu. Mahindi yakaota manjano kama mtu mwenye safura." Maneno hayo nilikuja kuyakuta tena, kwa lugha nyingine, katika maandishi ya wataalamu waliouchunguza mpango ule baadaye. Udongo wenye rutuba kwenye miteremko ile ni tabaka jembamba. Ukikata kidato, unauzika, na mbegu unaipanda katika udongo wa chini usio na chakula. Tuta la ngazi linahitaji samadi, na Mluguru wa Matombo hakuwa na ng'ombe. Mahali pengine vidato vilishiba maji vikaporomoka vyote kwa pamoja, na tope lililokuwa likishuka kidogo kidogo likashuka kwa siku moja.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo maofisa hawakulipa uzito. Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama. Babu hakuwa akilima ardhi yake. Alilima ardhi ya ukoo wa bibi, na wengine walilima kwa kuazimwa. Mtu akichimba tuta la kudumu kwenye ardhi ya kuazima, ni la nani? Je, anaitaka ardhi? Na serikali inayotulazimisha kuitengeneza ardhi hii kwa nguvu hivi, haina nia ya kuichukua na kuwapa walowezi? Hofu hiyo ilitembea kutoka nyumba hadi nyumba. Bibi alikuwa miongoni mwa waliowaza hivyo, wala sidhani alikuwa mjinga.

Mwezi wa Julai mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kwa wingi kukataa matuta. Polisi waliitwa, mawe yakarushwa, risasi zikapigwa, mtu mmoja akauawa. Kabla mwaka haujaisha mpango ukavunjwa. TANU, ambayo ilikuwa imezaliwa mwaka mmoja tu kabla, ilipata wanachama wengi milimani kwetu kutokana na chuki ile. Wala Uluguru haikuwa peke yake. Huko Murang'a, Kenya, wanawake waligoma kuchimba matuta mwishoni mwa miaka ya 1940, na Usambara nako watu waliukataa mpango wa namna hiyo hiyo.

Babu alikuwepo siku ile. Hakunieleza zaidi ya kwamba alikimbia na kiatu kimoja. Lakini alinieleza mara nyingi jinsi walivyorudi shambani wiki zilizofuata wakayabomoa matuta kwa majembe, huku wakiimba. Nilipokuwa mdogo niliona hadithi hiyo ni ya ushujaa, na hata leo naiona hivyo. Ila nilipoanza kushika bilauri mtamboni, nilianza kuwaza udongo ule uliobomolewa ulikwenda wapi.

Uhuru ulipokuja, neno "matuta" lilikuwa neno baya. Kwa muda mrefu hakuna kiongozi aliyetaka kwenda Matombo kuwaambia watu wachimbe ardhi. Jiji nalo lilikuwa limekwisha kuegemea mto. Mtambo wa Ruvu Juu ulifunguliwa mwaka 1959, miaka minne tu baada ya risasi zile, na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Yaani ndoa ya Dar es Salaam na milima yetu ilifungwa wakati ambapo hapakuwa na mazungumzo yoyote kati ya anayelima juu na anayekunywa chini.

Kisha kukatokea mvua ya Februari 1970. Kule Mgeta, upande wa pili wa mlima, zilinyesha milimita 100 hivi katika muda wa saa tatu. Miteremko ikaporomoka mahali zaidi ya 1,000. Wataalamu wa jiografia, Waswidi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Rapp, Temple na Berry, walikwenda kuhesabu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1972. Karibu maporomoko yote yalikuwa katika mashamba na katika majani ya mashamba yaliyopumzishwa. Ndani ya msitu hayakufika hata moja katika mia. Mizizi ya miti huteremka chini ikaushona udongo na mwamba. Mizizi ya mahindi na ya nyasi haifiki huko. Niliisoma habari hiyo nikiwa mafunzoni, na ilinifanya niwe mtu mkali. Niliona jibu ni moja: panda miti, hamisha watu.

Ukali huo ulipungua niliposoma mambo ya Mbeya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa Afrika Mashariki, Pereira na wenzake, walichagua mabonde mawili madogo katika milima ya Mbeya. Moja lilikuwa na msitu wa asili, la pili lililimwa na wakulima wadogo kwenye mteremko mkali, bila matuta yoyote ya maana. Walipima maji kwa miaka. Nani asingetegemea bonde lililolimwa litoe tope jingi na kukauka kiangazi? La hasha. Udongo wa huko ni wa majivu ya volkano, unanyonya maji kama sifongo, na bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi wakati wa kiangazi, kwa sababu mahindi hayanywi kama miti. Huko Kericho, msitu ulipofyekwa ili kupanda chai, tope liliongezeka wakati wa kufyeka na kutengeneza barabara, kisha likapungua chai ilipoifunika ardhi.

Sisemi msitu hauna kazi. Nani aliyekwenda juu ya Matombo asubuhi akaona ukungu unavyonata kwenye ndevu za miti na kudondoka, atasema hivyo? Nasema kwamba kila mlima una udongo wake, na amri iliyoandikwa kwa mlima mmoja ikapelekwa kwa mwingine ni hatari. Hata ndani ya Uluguru yenyewe: Mgeta, ambako watu walikuwa na mifereji na walipanda kabichi na mboga za kuuza mjini, baadhi ya matuta ya ngazi yalibaki, kwa kuwa mboga zilimlipa mchimbaji. Matombo mahindi hayakumlipa.

Mboga hizo zilileta taabu yao. Anayelima nyanya na kabichi hupuliza dawa, na bomba la kupulizia huoshwa kijitoni kwa kuwa ndiko kwenye maji. Shabu hukamata chembe za udongo. Dawa iliyoyeyuka haikamatwi hivyo. Kadhalika mkonge. Katika jani la mkonge, uzi ni sehemu kama 4 tu katika 100. Yaliyobaki ni maji machungu na makapi, na kwa miaka mingi viwanda vilivyopakana na mito viliyaachilia humo humo. Uozo ule hula hewa iliyomo majini, samaki wakaelea. Basi si haki kumtazama mwenye jembe la mkono peke yake, wakati mwenye shamba la hekta maelfu alikuwa chini yake hapo hapo.

Mwenye jembe la mkono, hata hivyo, ndiye niliyemkosea mimi. Mwaka 1994 nilikwenda Matombo kwenye msiba wa bibi. Baada ya matanga ukoo ulikaa kikao cha mashamba. Mjomba wangu, ambaye alirithi usemaji wa ukoo, alikuwa amefyeka kipande juu ya chemchemi tuliyochota maji utotoni, akakichoma, akapanda mihogo na mahindi. Chemchemi ilikuwa imegeuka dimbwi jekundu. Nami, na viatu vyangu vya mjini, nikasimama nikatoa hotuba. Nikasema wao ndio wanaowanywesha tope watu wa Dar es Salaam. Nikazitaja bilauri sita. Nikasema laiti wazee wasingeyabomoa yale matuta.

Kukawa kimya. Babu alikuwa angali hai, mzee sana, ameketi kwenye kigoda mlangoni. Hakusema neno. Mjomba ndiye aliyejibu, taratibu: "Mwanangu, wewe unalipwa mshahara kwa kulitoa tope. Mimi nani atanilipa nisiliingize?" Kisha akaniambia nikae, watu wanataka kula.

Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Babu alifariki mwaka uliofuata, nami sikuwa nimemwomba radhi kwa neno lile la matuta.

Swali la mjomba lilikuja kuulizwa rasmi miaka kumi na zaidi baadaye, na watu ambao hawakumjua. Tangu mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalianzisha, katika vijiji vya Kibungo upande huo huo wa mashariki, mpango ambao anayetumia maji chini humlipa anayelima juu. Walionunua walikuwa shirika la maji la jiji, DAWASCO, na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza. Mkulima alichagua mwenyewe: matuta ya ngazi, au fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake unatupwa upande wa juu, au kupanda miti na majani ya kushika udongo, au kuacha kuchoma. Alilipwa kulingana na eneo na aina ya kazi. Niliposikia kwamba katika orodha ile mna matuta ya ngazi, nilicheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu akauliza kulikoni.

Nilikwenda kuona mwaka 2010, wakati wa likizo. Matuta yalikuwepo, ndugu msomaji, kwenye miteremko ambayo babu zao walikimbia risasi kwa kuyakataa. Lakini yalichimbwa kwa namna nyingine. Udongo mweusi waliutenga kwanza, wakakata kidato, kisha wakaurudisha juu. Walitia samadi ya mbuzi na ya nguruwe, wakapanda mananasi kingoni na mboga katikati. Kazi waliifanya kwa vikundi, leo kwako kesho kwangu. Mzee mmoja aliniambia bila haya kwamba fedha yenyewe ni kidogo, haifikii jasho, ila mavuno yamemshangaza. Mwingine alilalamika kwamba wanunuzi ni wawili tu, na mradi ukifungwa itakuwaje. Hofu yake haikuwa ya bure, kwani miradi ya namna hiyo huwa na mwisho, na mto hauna.

Msitu wa juu ulipandishwa hadhi mwaka 2008 ukawa hifadhi ya mazingira asilia, hekta zaidi ya 24,000. Hilo ni jambo jema. Lakini mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilichelewa, Ruvu ikapungua mno, na Dar es Salaam ikaingia katika mgao wa maji. Mwaka 2023 ujenzi wa bwawa la Kidunda ulianza, bwawa la lita bilioni 190, ambalo wazo lake lina umri wa kunizidi au karibu yake. Jiji linalihitaji, hilo sipingi. Mimi niliyeshika tope maisha yangu yote najiuliza jambo dogo tu: kilichokuwa kikitua chini ya bilauri yangu kitatua wapi sasa? Bwawa ni bilauri kubwa, na hii hatuwezi kuimwaga asubuhi tukaisuuza.

Mjomba yu hai, amepita miaka themanini. Masika iliyopita nilikwenda kumjulia hali. Nikamwamkia, akaitikia, akanyamaza muda mrefu kama babu. Kisha akanichukua kwa fimbo yake mpaka juu ya chemchemi. Kipande kile alikiacha mwaka 2011, hakuna aliyemlipa. Aliniambia aliona vijana wa kijiji cha jirani, akaona wivu. Sasa pana migomba, mivule michache na majani marefu. Chini yake, kwenye mteremko wa mjukuu wake, pana vidato saba.

Nilikuwa na chupa mbili za plastiki. Ya kwanza niliijaza chemchemini, ya pili kwenye kijito cha upande wa pili ambako jirani bado anachoma. Nikamweleza mjomba zile habari za bilauri sita, mara hii polepole, na yeye akasikiliza. Nikamwambia pia kwamba mwaka 1994 nilimkosea babu. Akasema babu alikwisha kulijua hilo, maana baada ya kikao kile aliuliza tu kama nimekula.

Chupa zile nilizibeba hadi nyumbani Mlandizi, nikaziweka dirishani. Ya kijitoni ilichukua siku tatu kutua, na chini yake pana tope la upana wa kidole. Ya chemchemini ilikuwa na chembe chache tu. Mke wangu ameniuliza mara mbili sasa kama anaweza kuzitupa, nami namwambia angoje kidogo.